Ala Iliyokunywa Mafuta ya Ng'ombe

Léontine ni mutoto wangu wa kwanza na wa mwisho. Siku alipozaliwa alishika kamba ya kitovu chake akaifunga fundo mwenyewe. Mama muzalishaji akakosa kazi, akaosha mikono na kuomba chai. Watu wa Ngungu wanasema naongeza chumvi. Sawa. Lakini waulize kama kuna muntu mwingine hapa ambaye fundo lake halifunguliwi na mvua yetu. Na hiyo mvua si ya muchezo. Mwaka mumoja ilinyesha mpaka vyura wakaingia nyumbani mwangu kujificha, na mukubwa wao akaniomba nimusogezee kiti.

Huyo Léontine njo kordonye, mushona viatu, wa soko ya Ngungu. Ukitoka kanisani unashuka, unapita mama za maharagi, unapita mama za muhogo, kiisha unaona plastiki ya bluu iliyofungwa juu ya miti mine. Chini yake iko mwanamuke wa miaka makumi ine na mbili, ameketi juu ya bidon tupu ya maji, bote ya muntu, kile kiatu kirefu cha matope, katikati ya magoti, uzi mudomoni. Haangalii muntu usoni mbele ya kuangalia viatu vyake. Akikuambia, "Wewe unatembea ukielemea kushoto, mugongo unakuuma," usibishe. Alimuambia pasta hivyo, na pasta akaketi chini palepale kuelezea mugongo wake wote, kuanzia utoto.

Hii kazi hakuisomea. Alikuwa anauza mahindi ya kuchoma kando ya muzee Straton, aliyeshona viatu pale tangu barabara yetu ilipokuwa bado barabara. Macho ya Straton yakaanza kumuacha. Akamuomba Léontine amutilie uzi mu sindano. Kesho yake amushikie ngozi. Wiki nyingine amuonyeshe tundu liko wapi. Mwishowe Straton alikuwa anaketi tu, anakula mahindi, na Léontine anashona. Wanaume walicheka sana: mwanamuke gani huyu, anaingiza mukono mu viatu vya waume za watu? Walicheka mpaka mvua zilipoanza na bote zao zikapasuka. Wakamuletea wakiangalia pembeni.

Mimi shule sikuiona hata dirisha lake, lakini muntu mwenye mukono wenye akili namujua. Ndiyo maana nataka kueleza mambo ya ala ya kisu ya baba yake, na jinsi nilivyoiharibu.

Bwana yangu Sebarenzi alikuwa na kisu. Urefu wake ni kama kutoka kiganja mpaka kwenye kiwiko, mupini wa muti uliokuwa mweusi kwa mikono ya watu waliokufa zamani. Kilikuwa kikali. Inzi moja ikitua juu ya makali, inzi mbili zinaruka. Lakini hakikuwa kisu cha kukatia ndizi wala mbuzi ya wageni. Kilikuwa cha kugawa nyama ya jamaa siku kubwa: ndoa, ubatizo, kuondoa kilio. Mwenye kisu njo mwenye karamu. Jamaa yote inakuja kwake. Yeye anasimama, wengine wote wanaketi, na anasema: hii ya fulani, hii ya fulani. Siku hiyo hata tajiri mwenye ng'ombe mia moja anangojea.

Na kisu hicho kilikuwa na sheria yake, iliyowekwa na babu wa Sebarenzi baada ya watoto wake wawili kukigombania mpaka wakang'oana meno. Mimi nilisikia kwamba meno yale yalijaza kikapu. Babu akasema: mwenye kisu akifa, siku ya kuondoa kilio chake ala ileile ya zamani inaletwa mbele ya watu, kisu kikiwa ndani. Inageuzwa kichwa chini. Inatikiswa mara tatu. Kisu kisipoanguka, kinabaki mu nyumba ile, kwa ule aliyeitunza ala. Kikianguka, kinahamia kwa ndugu. Juu babu aliona kwamba muntu asiyeweza kutunza ngozi hawezi kutunza watu. Na ala mupya hapana. Kumubadilishia kisu cha babu ala yake ni kama kumubadilishia muzee jina lake angali anapumua.

Ala hiyo ilishonwa Hombo, kwa ngozi nene ya ng'ombe, siku babu alipokwenda kule kubadilisha maharagi. Ilikuwa ngumu kama ubao. Ukisukuma kisu, kilikuwa kinalia *tk*, na hapo kimefika nyumbani. Sasa sikilizeni kosa letu. Sisi watu wa milima hii yenye ng'ombe, kitu tukikipenda tunakipakaa mafuta ya ng'ombe. Mutoto, ngoma, mukanda, kisigino, bibi-arusi, vyote. Sebarenzi aliipenda ala ile kuliko koti lake. Kila siku ya Mungu, baada ya ibada, aliiweka juu ya goti na kuipakaa mafuta, nje na ndani, polepole, akiimba. Miaka makumi ine. Ngozi ikanywa, ikashiba, ikalegea. Ikawa laini kama sikio la ndama. Kiisha vita vikatukimbiza, tukaibeba imekunjwa ndani ya godoro, tukaikunjua na kuikunja tena mara sijui ngapi. Tuliporudi Ngungu, kisu kilikuwa kinaingia mule kama mukono mu mufuko wa chumvi, na kinatoka vilevile, hata bila kuitwa.

Sebarenzi alikufa mwaka jana, mu kitanda chake, wakati wa kuvuna maharagi. Mwaka ulipokaribia kutimia, ndugu yake mudogo, Habineza wa Kingi, akanipigia simu.

"Mama Léontine, baada ya wiki tatu tutakuja kuondoa kilio cha kaka. Ng'ombe iko?"

"Iko."

"Na kisu?"

"Kisu iko kwake mu ala."

"Basi tutageuza hiyo ala mbele ya watu. Kisu ikianguka, inakwenda Kingi kwa mutoto wangu Athanase. Sheria ya muzee unaijua."

"Na isipoanguka?"

Nikamusikia anacheka na muntu mwingine kando yake. "Mama Léontine, mimi niliona ile ala siku ya kilio. Mudomo wake unafunguka kama wa muzee aliyelala. Wewe tayarisha tu sufuria."

Nikakata simu, nikalia. Musifikiri nililia juu ya chuma. Sebarenzi hakuacha mutoto mwanaume. Kisu kikienda Kingi, karamu zote zinakwenda Kingi, na mimi nitakuwa muke wa marehemu anayepanda milima siku mbili kwenda kuomba kipande cha nyama kwa watu. Nyumba ya Sebarenzi itakuwa imefungwa na mimi ningali nimeketi ndani yake. Tena Léontine tangu anatambaa alikaa kwenye miguu ya baba yake siku za kugawa. Akiwa na miaka sita alijua viungo vyote vya ng'ombe kuliko majina ya binamu zake.

Nilimueleza. Alichukua ala na kisu ndani yake, akaigeuza. Kisu hakikungojea hata kutikiswa. Kilishuka kikasimama mu udongo katikati ya vidole vyake vya muguu, kidole hiki na kidole hiki.

"Wiki tatu," akasema. "Inatosha."

"Ongeza musumari mumoja kwa pembeni," nikamushauri. "Mudogo. Nani ataona?"

"Mimi nitaona."

"Basi gundi."

"Mama, uende kuchagua maharagi."

Sasa niliona kazi. Kwanza, mafuta. Alisema ngozi iliyoshiba mafuta haikubali maji, na ngozi isiyokubali maji haikubali kufundishwa. Alitia unga wa muhogo mu kikaango bila maji, akaupasha moto kidogo, akaujaza ndani ya ala na kuifunika nje, kama muntu anayezika kiazi mu majivu. Asubuhi unga ulikuwa wa manjano, umekunywa. Akautupa, akaweka mwingine. Siku tisa hivyo. Kuku waliokula ule unga uliotupwa walinenepa mpaka mumoja akashindwa kupita mulangoni, ikabidi atage nje.

Kiisha akaosha ngozi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Akafunga kisu ndani ya sashe ya plastiki ili kisishike kutu, akakipakaa nta juu, akakisukuma ndani ya ngozi iliyo mubichi. Akachukua mufupa wa ng'ombe alioulainisha mwenyewe, akaanza kukandamiza pale ngozi inapokutana na mupini. Anakandamiza, anageuza, anakandamiza. Ukiangalia mbali ungesema anamukanda mutoto mwenye tumbo. Akaiacha ikauke kivulini siku ine, kisu kikiwa ndani. Mimi nilitaka kuitundika juu ya tara la jikoni, pale moshi unapokausha mahindi. Akakataa.

"Ngozi ikipikwa inajikunja na kupasuka, Mama. Ikaushwe polepole, ikumbuke umbo la kisu."

Siku ya kumi na sita, aliigeuza. Akatikisa. Kisu kikabaki. Akatikisa kama muntu anayefukuza nyuki. Kikabaki. Nilipiga kigelegele kilichosikika mpaka Hombo. Kuna muchuuzi mumoja kule aliyegeuka akajibu.

Muone basi nilivyo. Ala ilikuwa inashika vizuri, lakini ilikuwa mbaya ya kuangalia. Unga na sabuni vilikuwa vimeiacha nyeupe-nyeupe, kavu, na mistari, kama kisigino cha muntu aliyetoka Walikale kwa muguu. Siku ya ine ya wiki ya mwisho, saa sita mchana, Léontine yuko sokoni, karamu ni siku ya posho, kesho kutwa, nikaiangalia pale mezani nikaona haya. Watu wa Kingi waje waone ala ya Sebarenzi imepauka hivi? Watasema mujane hana hata mafuta. Nikatoa kisu. Nikachukua kibuyu. Nikapasha mafuta kidogo yaingie vizuri. Nje. Ndani. Nikaimba hata ule wimbo wake.

Léontine aliporudi, aliishika tu. Hakuitikisa. Aliishika kwa mukono mumoja na ngozi ikainama upande, taratibu, kama inasalimia.

"Mama. Nini ilifika hapa?"

Nikamueleza. Nilisema kwamba paka wa jirani alipitia dirishani, akapanda juu ya meza, akafungua kibuyu kwa meno, akachovya mukia ndani ya mafuta na kuanza kupangusa ala kutoka juu kwenda chini, na nilipomufukuza akaniambia nisimusumbue, anasaidia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hapo niliona amechoka kweli, juu kwa kawaida ananikatiza.

"Huyo paka," akasema, "iko na vidole vitano." Akanionyesha alama juu ya ngozi. "Na amevaa pete ya ndoa."

Nikaketi chini. Nikasema tu: "Niliona haya, mutoto wangu. Nilitaka iwe nzuri juu ya baba yako."

"Najua."

"Sasa kisu itakwenda Kingi."

Léontine akafunga macho, vidole vikitembea juu ya mushono wa zamani, pale pembeni ambapo ngozi mbili zinakutana. Halafu akachukua kisu chake kidogo cha kazi na kuanza kukata nyuzi. Moja, moja. Nilitaka kumushika mukono. Nyuzi zile zilitiwa na muntu wa Hombo, hakuna aliyewahi kuzigusa. Lakini alikata zote, akafungua ala ikalala wazi juu ya meza kama kitabu.

"Mara ya kwanza unga ulikula nje, na ndani ulipita kwa mudomo tu," akasema, kama anazungumza na Straton. "Leo unakula pande zote mbili. Lete unga yote, Mama. Na lile jiwe la kusagia."

Nilimuletea unga tuliouweka kwa bugali ya karamu. Sikuuliza. Tulibadilisha unga kila saa, wa moto, jiwe likiwa juu, siku hiyo na asubuhi ya siku ya tano. Ilipofika saa sita mchana unga ulikuwa unatoka mweupe. Akalowesha ngozi, akaikunja upya, akaanza kushona. Lakini hakurudi mu matundu ya zamani. Alitoboa mapya, ndani zaidi, upana wa punje moja ya mupunga kutoka yale ya kwanza. Punje moja tu. Nilisema aongeze, afanye punje tatu, tukae salama.

"Punje tatu, kisu haiingie. Punje moja, inaingia na inajuta."

Uzi aliupitisha mu nta ya nyuki mpaka ukasimama wenyewe. Alifunga fundo la mwisho, na mimi nilijua fundo hilo mahali lilikotoka.

Kikabaki kitu kimoja: kukauka. Ilikuwa saa tisa ya siku ya tano, mvua inatisha upande wa mashariki, na watu watafika kesho mchana. Kivuli kingehitaji siku ine. Moto angekataa. Nikamuona anafunga kisu mu sashe, anakisukuma ndani ya ala, anakandamiza na mufupa wake kuzunguka mupini. Halafu akainua blauzi, akaweka ala ile juu ya tumbo lake, ngozi kwa ngozi, akaifunga kwa kikwembe, akazunguka mara tatu na kukaza.

"Unafanya nini sasa?"

"Joto la muntu halipiki," akasema. "Na halizimiki mvua ikinyesha."

Akarudi sokoni hivyo. Alikuwa na bote za watu za kumaliza. Mama za maharagi wakamuona anatembea wima kama bibi-arusi, tumbo limefungwa, wakaanza.

"Léontine, siku nyingi. Na baba yake nani?"

"Sebarenzi," akawajibu.

"Na atazaliwa siku gani?"

"Kesho, saa sita. Mukuje."

Alikaa nayo akishona, akila, akiosha sufuria. Kila baada ya muda aliingiza mukono, akakandamiza mudomo wa ala kwa kidole gumba, akauacha. Usiku alilala chali. Asubuhi alifungua kikwembe, na pale tumboni alikuwa na alama nyekundu ya kisu cha baba yake, mupini na yote.

Hakuitikisa. "Kama inashika, inashika," akasema. "Nikiijaribu ikiwa bado na unyevu, nitaifundisha kufunguka." Mimi nilitaka kuijaribu kidogo tu. Akaipandisha juu ya tara la chumbani, mbali na moto, akaondoa ngazi.

Watu wa Kingi walifika wakati misa ya jikoni imeshaanza, maana yake ng'ombe ilikuwa imechinjwa na moto umewaka. Habineza alikuwa mbele, na koti na kofia ya kahawia, matope mpaka magotini. Nyuma yake Athanase, muchinjaji wa kule, mwanaume munene mwenye roho nzuri, anacheka hata akisalimia wagonjwa. Tuliomba. Tulitaja jina la marehemu. Wanawake walilia kidogo, ile ya mwisho ya mwaka. Kiisha Habineza akapangusa mudomo na kusema:

"Leteni."

Léontine akaleta ala kwa mikono miwili. Ilikuwa na rangi ya udongo uliokauka, haing'ai. Nikaona wanawake wa Kingi wanaangaliana. Niliuma ulimi.

Habineza aliichunguza kama muntu anayenunua dume. Alitafuta musumari. Alinusa gundi. Alipitisha ukucha juu ya mushono.

"Mulifungua."

"Nilifungua, Papa mudogo. Ngozi ni ileile. Nimeshona upya."

"Sheria haikatai uzi," akasema muzee mumoja nyuma. Habineza akageuza ala, mupini chini. Watu wakanyamaza. Hata kuku wangu munene alinyamaza.

Akatikisa mara moja. Akatikisa mara mbili. Mara ya tatu alitikisa kwa bega. Kisu kilikaa. Basi akatikisa ya ine, ambayo haimo mu sheria, na ya tano, na ya sita, milima ya Ngungu ikaanza kujibu, kofia yake ikaanguka, kalamu ikatoka mu koti, simu ikafuata. Kisu hapana.

"Papa," akasema Athanase, "utang'oa bega."

Habineza alikuwa anahema. Halafu akatabasamu, na ile tabasamu sikuipenda. "Haianguki," akasema. "Lakini ala ni ya kutoa kisu vilevile. Athanase, toa."

Athanase akashika mupini, akavuta. Hakikutoka. Akavuta kwa nguvu, uso ukajaa damu. Ala yote ikamufuata mukono.

"Imenata," akasema, na hakucheka.

"Mumeona?" Habineza akawaambia watu. "Hii haiko ala. Hii iko kaburi. Kisu isiyotoka itagawa nini?"

Nilifikiri: ni mimi. Mafuta yangu yamebaki ndani, yameganda, yamekishika kisu. Nilitaka kusimama niwaambie kila kitu, bila paka, ukweli mutupu, mbele ya watu wa Kingi. Nilikuwa nimeshainua mukono.

Léontine akachukua ala kutoka kwa Athanase. Hakuvuta. Aliizungushia vidole vine, akaweka kidole gumba juu ya mudomo wa ngozi, pale pale alipokuwa anakandamiza tumboni mwake tangu jana, akasukuma kidogo tu, kama muntu anayefungua ganda la haragi. *Tk.* Mupini ukapanda upana wa ukucha. Halafu akashika kwa vidole viwili na kisu kikatoka chote, taratibu, bila kukwaruza, kikakamata mwanga wa mulango.

"Baba alikuwa anatoa hivi," akasema. "Kwa gumba. Alipokuwa bado anaweza. Halafu ala ikalegea, mukasahau."

Akarudisha kisu. *Tk.* Akampa Athanase. Athanase akaweka gumba, akasukuma, kikatoka. Akarudisha, akatoa tena. Alifanya mara ine, anacheka kama mutoto aliyepata taa ya betri.

"Papa, hii kitu iko muzuri," akasema. "Mimi ningeweka yangu hivi."

"Kisu si ya mwanamuke," Habineza akasema.

Athanase akaacha kucheka, lakini hakukasirika. Alisema polepole, kama anamukumbusha muntu mahali alipoweka funguo: "Papa, njia nzima kutoka Kingi uliniambia sheria ni ala. Mvua ilitupiga, ukasema sheria ni ala. Tuliteleza kwenye daraja, ukasema sheria ni ala. Mimi nimechoka kuisikia, na sasa nimeiona." Akageuza kisu, akamupa Léontine mupini.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walianza tu kuketi, mumoja mumoja, wakitafuta mahali, wakikunja miguu, kama wanavyoketi siku zote mwenye kisu anaposimama. Wazee waliketi. Athanase aliketi. Léontine akabaki amesimama peke yake mbele ya nyama, na mimi nikamuangalia mutoto wangu, miguu imejaa matope, kikwembe bado na alama ya mafundo, na nikahisi kifua changu kimepanuka mpaka blauzi ikalia. Hii si chumvi. Kifungo kiliruka. Kilitafutwa mpaka jioni.

Habineza alikuwa wa mwisho. Alisimama muda mrefu, kofia mukononi, anaangalia mulango na anaangalia nyama. Kiisha akaketi.

Léontine akagawa. Sikuwahi kuona muntu anapita mu viungo namna ile. Kisu kilikuwa kinatafuta njia na ng'ombe inamufungulia. Alisema majina bila kukosea hata moja, ya Kingi na ya Ngungu, wajane kwanza kama baba yake. Aliwapa waliocheka na waliolia. Hakuna aliyelalamika, na mu jamaa yetu kutolalamika juu ya nyama ni muujiza ambao pasta angepaswa kuuandika.

Kifua cha ng'ombe ni cha mukubwa wa jamaa aliye hai. Léontine angeweza kukikata. Angeweza kukiacha na mafuta mengi na nyama kidogo, mimi njo ningefanya hivyo. Yeye alikitoa kizima, akakisafisha pembeni, akakiweka juu ya jani la mugomba.

"Hii ya Papa mudogo Habineza," akasema.

Habineza akaweka kofia chini. Akainuka kidogo kutoka kwenye kiti, na akanyoosha mikono yote miwili kuipokea.